Mapezi ya Mutamaiyu

Gatitu nzima ilimjua Wakiuru kwa mipini. Ukivunjikiwa na mpini wa jembe au wa shoka, ulienda kwake, na aliokurudishia ulikuwa unadumu kuliko chuma chenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana, ambaye wengi walimwita Mama Mwai kwa jina la mwanawe. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, ambaye wanawe wawili wa kiume walikimbilia ualimu wakamwachia binti randa na tezo. Siku za soko alipeleka mipini, miiko na vigoda Gakindu, na jioni alirudi na gunia tupu.

Alijivunia kazi yake wala hakulificha jambo hilo. Akiona kigoda cha fundi mwingine kwenye nyumba ya watu, alikigeuza miguu juu akakitazama, kisha akakirudisha chini bila kusema neno. Kunyamaza kwake kulitosha.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimeshika, alitembelewa na Kibibi. Huyu alikuwa binti wa Abdulkadir, fundi cherehani wa Majengo mjini Nyeri, na kwa miaka mitano alikuwa akifanya kazi Sagana, akiwaongoza wageni mtoni kwenye mashua za mpira. Siku hiyo alibeba kwapani ubao mweupe, mrefu kumpita yeye mwenyewe, uliochongoka mbele. Mgeni mmoja aliiachia kambi yao ya mtoni ubao huo alipokuwa akirudi kwao.

Kibibi alieleza. Huo ulikuwa ubao wa kusimamia juu ya mawimbi, kama wafanyavyo watu wa pwani. Pale Sagana, chini ya maporomoko madogo, mto ukijaa hujitokeza wimbi. Wimbi la mto halisafiri kama la baharini. Maji ndiyo yanayopita, lenyewe linabaki palepale siku nzima. Ukiweza kusimama juu yake, mto unakimbia chini yako na wewe huendi popote. Kibibi alikuwa ameweza kusimama. Shida ilikuwa kwamba ubao ulikataa kugeuka. Ulikaa umenyooka kama umepigiliwa misumari, na alipoulazimisha, ulimtupa. Tena maji yalikuwa na kina kifupi, na juma lililopita ubao uligonga jiwe.

Aliugeuza ubao. Chini yake, kwa nyuma, palikuwa na mapezi matatu ya plastiki, mawili pembeni na moja katikati. Moja la pembeni lilikuwa limevunjika nusu. Kila pezi lilikuwa na vijino viwili vilivyoingia kwenye matundu ya ubao na kukazwa kwa skrubu.

"Kama ya samaki," alisema Wakiuru.

"Ndiyo, Mama Mwai. Haya ndiyo yanashika maji. Unaweza kunitengenezea?"

Wakiuru alisema mtu anayetengeneza mpini wa shoka hawezi kushindwa na kitu cha ukubwa wa mwiko.

Alikuwa na nguzo kuukuu ya mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, iliyong'olewa kwenye ua wa shamba la kaka yake baada ya kusimama ardhini miaka thelathini bila kuoza. Mti huo ni mgumu na mzito, na ukipigwa msasa vizuri unang'aa kama umepakwa mafuta. Aliupasua vipande vyembamba, akachora umbo la mapezi ya zamani, akachonga mapya matatu. Alipokuwa akipima, aliona jambo moja. Yale mawili ya pembeni yalikuwa yameviringika upande wa nje tu. Upande wa ndani ulikuwa bapa kabisa. Aliona huo ni uvivu wa kiwanda, kazi iliyoachwa nusu. Yake aliyaviringisha pande zote mbili, akayapaka gundi ya resini aliyopewa na Kingori, jirani yake anayenyoosha bodi za magari, ili maji yasiingie.

Kibibi aliyajaribu mtoni. Alipiga simu akasema mapezi ni imara ajabu, ila ubao bado haugeuki.

Basi Wakiuru alifunga karakana akaenda Sagana mwenyewe. Alikaa juu ya jiwe kubwa ukingoni kuanzia saa tatu asubuhi, leso magotini, akamtazama Kibibi akisimama na kuanguka, akisimama na kuanguka. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, mtu kusimama juu ya maji ya kahawia yanayonguruma, mikono ameitanua kama anayepita kwenye gogo. Mwanzoni alimtazama msichana. Baadaye aliacha kumtazama msichana, akatazama maji nyuma ya ubao. Aliona jinsi yalivyopita kwa kasi, na jinsi mapezi marefu yalivyoyakamata kwa nguvu kupita kiasi. Maji ya kasi hayahitaji pezi refu. Pezi refu pale lilikuwa kama jembe lililozama mno, ambalo ng'ombe wawili hawawezi kuligeuza.

Alirudi nyumbani akachonga mapezi mafupi, karibu nusu ya yale ya kwanza, membamba nchani. Alipomkabidhi Kibibi alimwambia kwamba safari hii atacheza.

Siku ya pili Kibibi alipanda. Ubao uligeuka, ndiyo, lakini haukukoma kugeuka. Sehemu ya nyuma iliteleza kama kiatu kwenye udongo mwekundu uliolowa, Kibibi akaanguka kiubavu juu ya mawe. Kofia ngumu ilimwokoa kichwa. Bega lake la kushoto liliteguka, akafungwa mkono shingoni na kuambiwa akae wiki tatu bila kugusa maji.

Wakiuru alipopata habari alienda Majengo kumjulia hali, akakuta amelala. Hakusubiri. Aliacha kikapu cha maparachichi akarudi Gatitu, na siku mbili hakugusa randa.

Siku ya tatu Abdulkadir alifika karakana. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa ameshona sare za shule za nusu ya mji. Alisalimia vizuri, akapewa kigoda, akakaa.

"Mama Mwai," alisema, "sikuja kugombana. Nimekuja nione kitu kilichomwangusha binti yangu."

Wakiuru alimpa pezi lake fupi na lile la kiwandani la pembeni ambalo halikuvunjika. Abdulkadir hakuyatazama sana. Aliyapapasa kwa vidole, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Mbona hili ni bapa upande mmoja, na lako limeviringika kote?"

"Hiyo mashine ilifanya uvivu, Baba Kibibi. Mimi nikarekebisha."

"Na lile lingine la pembeni?"

"Pia ni bapa ndani."

"La katikati?"

"La katikati limeviringika pande zote."

Abdulkadir aliyaweka mapezi magotini. "Kwa hivyo mashine ilifanya uvivu mara mbili, mahali pale pale, halafu la katikati ikakumbuka kazi?"

Mzee alimweleza kwa upole. Mkono wa shati, alisema, haukatwi sawa mbele na nyuma. Mbele unachimbwa zaidi, kwa sababu binadamu hunyoosha mikono mbele. Anayejifunza kazi anadhani mkasi ulipotoka. Mwanafunzi wake wa kwanza aliwahi kumsawazishia mikono kumi na minne ya mashati ya shule kabla mzee hajamwona, na watoto saba wakashindwa kuinua mkono darasani. Yeye fundi cherehani hakujua lolote kuhusu mawimbi, lakini kitu kilichokatwa tofauti kwa jozi mara nyingi kina sababu yake.

Wakiuru alichukua pezi la kiwandani akalishika kama lilivyokaa kwenye ubao. Sasa aliliona. Maji yalipaswa kupita upande wa nje kwa mviringo na upande wa ndani kwa kunyooka, ili pezi livute ubao kwenye wimbi, la kushoto likivuta kwake na la kulia kwake. Yeye alikuwa ameyanyima mapezi kazi hiyo. Yalipokuwa marefu hilo halikuonekana, kwani urefu wenyewe uliyashika maji, kosa likajificha. Alipoyafupisha, hakukubaki kitu cha kushika.

Miaka thelathini alikuwa amewapima mafundi wengine kwa kugeuza vigoda vyao. Maneno yaliyofuata yalimtoka kwa shida.

"Kibibi hakuanguka kwa sababu hajui," alisema. "Ni mkono wangu ulikosea. Niliona kitu sikielewi, nikakiita uvivu."

Abdulkadir alikuwa amekuja kumwomba aache mambo hayo. Hivyo ndivyo alivyosema baadaye. Badala yake alirudisha mapezi mezani na kuuliza kama atatengeneza mengine.

"Ukinikubalia."

"Tengeneza. Lakini siku atakayoyajaribu, na mimi nitakuwepo."

Zile wiki tatu Wakiuru alifanya kazi kama mtu anayejifunza upya. Alichonga pezi la pembeni, akalitumbukiza kwenye karo la maji, akalivuta polepole akiwa amefumba macho, akisikiliza mkono wake unavutwa upande gani. Lilipomvuta kidogo tu, alilitupa kwenye kapu la kuni. Alijaribu ncha iliyolala nyuma kama ya papa wa kwenye picha, akaona inafaa mtu anayegeuka polepole kwenye eneo pana. Wimbi la Sagana halina upana huo. Akazisimamisha zaidi ncha, akapunguza upana wa shina, akaacha urefu uwe kati ya yale ya kwanza na ya pili. La katikati alilifanya dogo kuliko yote. Kibibi alikuja mara mbili, mkono ukiwa bado umefungwa, akakaa kwenye vumbi la mbao na kumweleza kila alichosikia miguuni siku ile ubao ulipoteleza. Wakiuru aliuliza maswali mengi kuliko aliyowahi kuuliza maishani, na hakuona aibu.

Mwisho wa Mei mto ulikuwa bado umejaa. Abdulkadir alivaa koti lake la Ijumaa. Walikaa yeye na Wakiuru kwenye lile jiwe kubwa, na wenzake Kibibi wawili wakasimama chini na kamba za kuokolea.

Kibibi aliingia majini kwa tumbo, akapiga makasia kwa mikono hadi kwenye wimbi, akasimama. Ubao ulitulia. Alikaa hapo muda, magoti amekunja, anasikiliza. Kisha akaegemea kidogo kulia, na ubao ukaenda kulia, ukapanda hadi juu ya wimbi, ukageuka pale juu kwa mkato mmoja, ukashuka. Akaegemea kushoto, ukamfuata. Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, maji yakiruka nyuma yake kama makapi ya mahindi yanayopepetwa, na kila mara wimbi lilipotaka kumtoa, mapezi yalishika. Wenzake walihesabu hadi dakika nne wakaacha kuhesabu.

Abdulkadir alikuwa amesimama bila kujijua. Machozi yalimshuka naye hakuyafuta.

"Huyo ni binti yangu," alimwambia Wakiuru, kana kwamba hamjui.

"Ni yeye," Wakiuru alisema. "Na hayo ni mapezi yangu."

Aliporudi ukingoni, Kibibi alimkumbatia fundi kabla ya baba yake, akamlowesha nguo zote. Alisema ubao ulikuwa unajua anapotaka kwenda kabla hajaamua.

Habari zilisambaa. Mwezi wa Juni walifika watu sita kutoka Kilifi waliosikia kuhusu wimbi la mto, wakaja na mbao zao. Siku ya kwanza walikwaruza mapezi yao kwenye mawe, na waliobaki na mazima walishindwa kugeuka. Kibibi alimwazima mmoja wao ubao wake. Huyo aliitwa Yasin, na kwao kazi yake ilikuwa kukarabati mbao kama hizo. Alipanda mara mbili tu, akatoka majini, akaugeuza ubao na kufungua skrubu. Alilishika pezi la pembeni, akapitisha kidole gumba upande bapa, kisha upande wa nje, akaliinua juani. Akauliza limeagizwa kutoka nchi gani.

"Gatitu," alisema Kibibi.

Kesho yake Yasin alikuwa karakana ya Wakiuru akiomba seti tano za kwenda nazo baharini. Wakiuru alikataa. Alimwambia haya yamekatwa kwa maji ya Sagana, na yeye mawimbi ya Kilifi hajayaona. Aliwahi kukata kitu asichokielewa, na mtu akaumia. Kama wanataka mapezi yake, wampeleke kwanza ayaone maji.

Wakampeleka. Alikaa huko siku nne kwa shemeji wa Yasin, akishinda ufukweni na daftari, akiwauliza vijana mmoja baada ya mwingine miguu yao inasikia nini. Aliporudi alipasua nguzo yote iliyobaki.

Seti tano zilipokuwa tayari mwezi wa Agosti, Abdulkadir alizishonea mifuko ya turubai, kila mfuko na vyumba vitatu ili mapezi yasikwaruzane. Bila kuambiwa na mtu, alitarizi juu yake kwa uzi mwekundu: WAKIURU, GATITU. Wakiuru alisema herufi ni kubwa mno, zipunguzwe. Mzee alimjibu kwamba alizipima vizuri, na kwamba kila fundi ana kazi yake.