Bwana Afya na Beseni la Mchanga

Mama alipohamia kwangu alikuja na begi moja na paka. Begi nililipokea. Paka nilimtazama, naye akanitazama, tukaelewana papo hapo kwamba hatutapendana. Mama alimwita Bwana Afya kwa sababu, kama afisa wa afya, hakupita jikoni bila kukagua masufuria.

"Hapa ni ghorofa ya tatu, Mama," nilimwambia. "Hakuna uwanja. Haja zake atafanyia wapi?"

"Mfundishe, mwanangu. Ana akili kuliko marehemu baba yako, Mungu amrehemu."

Nikamfundisha. Nilichukua beseni la kufulia lililokwisha kupasuka ukingo, nikalijaza mchanga laini niliowaomba mafundi wa nyumba ya jirani, nikaliweka pembeni mwa choo. Kila akimaliza kula nilimbeba, nikamtua ndani, nikamshika mguu wa mbele na kumkwaruzisha mchanga ili ajue kazi yake. Siku ya kwanza aliniparura. Ya pili alikaa tu mle, ananikodolea macho. Ya tatu nilikuta amemaliza shughuli na kufukia vizuri, nikajikuta namsifu kwa sauti, mtu mzima mimi.

Wiki hiyohiyo shuka la Mama likaanza kulowa.

Mimi ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazini shuka lililolowa hulichunguzi. Unavaa glavu, unalitumbukiza kwenye dawa, basi. Yanakuja kwenye mifuko, hujui nani kalalia lipi. Dawa yenyewe iliniua pua zamani. Hata maziwa yakichacha mpaka niambiwe. Basi na nyumbani nilifanya vilevile. Nilivuta shuka, nikaloweka, nikamgeukia paka.

"Ni huyu?" nilimuuliza Mama.

Mama alikuwa anakunja kitambaa chake cha kichwa, anakikunjua, anakikunja tena. "Labda," alisema. "Si ndiye analala miguuni kwangu?"

Nikamrudisha Bwana Afya darasa la kwanza. Nilibadilisha mchanga, nikaongeza beseni la pili karibu na kitanda. Mabeseni aliyatumia kiungwana kabisa, na shuka likalowa palepale. Nikaona ananifanyia kusudi. Mara ya nne damu ilinichemka, nikasimama mlangoni na shuka mkononi.

"Anayekojoa kitandani hakai kwangu! Nifue mikojo kazini, nije nifue na hapa?"

Mama hakumtetea. Yeye aliyekuwa akimtolea paka mnofu kwenye sahani yake mwenyewe, siku hiyo aligeukia ukutani. Nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa na hasira zangu. Jioni nikampeleka Bwana Afya kwa mlinzi wa ghala la nafaka, aliyekuwa kila siku analalamikia panya.

Siku sita shuka lilikuwa kavu. Nikatamba mpaka kazini. Sikuona kwamba midomo ya Mama imekauka, kwamba kikombe cha chai anakisogeza kando, kwamba tangu saa tisa mchana hagusi maji.

Siku ya saba mashine ya kufulia iliharibika, tukaruhusiwa mapema. Nilimkuta Mama amepiga magoti chooni, shuka ndani ya ndoo, anasugua kwa vidole vyake visivyokunjika. Aliponiona alifunika ndoo kwa mikono miwili.

Nilichuchumaa kando yake. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hakai kwako," alijibu bila kuinua macho. "Nikaona bora aende yeye. Mimi ningekwenda wapi?"

Nilimkumbatia hivyohivyo, ameloa. Nikamwambia nimekosa, nimekosa sana. Kisha nikakimbilia ghalani. Mlinzi aliniambia paka alitoroka siku ya pili tu. Nimezunguka mitaa yote, nimeita jina lile mbele za watu, wengine wakadhani namtafuta afisa. Hajaonekana.

Daktari alisema ni kibofu, dawa ipo, na kwamba anywe maji ya kutosha. Sasa namletea maji mwenyewe, asubuhi, mchana na jioni. Anapokea glasi na kunishukuru kama mgeni. Lakini kabla ya kunywa hunitazama usoni kwanza, kisha anakunywa nusu.