Mkate wa Misa Nyumbani kwa Malachy

Tangu mama yao afariki, Dympna Loftus ndiye aliyemwokea mdogo wake Malachy mkate. Unga, chumvi, magadi na mtindi, basi. Mkono uliingia bakulini na kutoka upesi, donge likakatwa msalaba juu ili vibwengo wapate pa kutokea, kisha likatiwa kwenye chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Malachy alikula miaka yote hiyo bila kusema neno, na Dympna akauchukua ukimya ule kuwa ndiyo sifa.

Kisha Malachy, mvi zimeshamwingia, akaoa. Mke mwenyewe, Assumpta, alitoka Dublin, kwa watu wanaonunua mkate dukani. Dympna akahamia kijumba cha marehemu shangazi yao, ng'ambo ya barabara. Kutoka dirishani aliutazama moshi wa jiko lililokuwa lake, na roho ikamuuma. Alimwona Malachy akimbebea mkewe ndoo ya maji. Ndoo ile ile Dympna aliibeba mwenyewe, mvua na baridi, na hakuna aliyempokea.

Kijijini pale Misa ilizunguka nyumba kwa nyumba, na ikafika zamu ya nyumba ya Malachy. Padri angesomea Misa jikoni, kisha majirani wote wangebaki kunywa chai, na siku hiyo mwanamke wa nyumba hupimwa kwa mkate wake. Assumpta akavuka barabara, mikono bado ina unga, akaomba afundishwe.

Dympna alimwelekeza kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja.

"Ukande, wifi," alimwambia. "Ukande mpaka mabega yaume. Mkate wa mvivu hauumuki."

Baada ya hapo akaoka wa kwake, mwepesi kama kawaida, akaufunga katika kitambaa cheupe.

Misa ilipokwisha, kisu kilikataa kuingia kwenye mkate wa Assumpta. Mzee Peadar, jirani yao, akaugonga kwa kidole.

"Malachy, ule ukuta wa zizi usiuhangaikie tena," akasema. "Jiwe lililopungua ndilo hili hapa."

Watu wakacheka. Assumpta akawa mwekundu hadi masikioni. Hapo Dympna akafungua kitambaa chake, akauweka mkate mezani kana kwamba ameukumbuka sasa hivi. Padri akachukua kipande, majirani nao, na sifa zikamiminika. Hazikumfurahisha. Macho yake yalikuwa kwenye mkono mmoja tu.

Malachy aliuvuta mkate wa mkewe, akakiegemea kisu kwa mwili mzima, akakata, akapaka siagi. Alitafuna taya likisikika hadi mlangoni.

"Mtamu," akasema.

Neno hilo Dympna hakuwahi kulisikia kinywani mwa mdogo wake. Likamchoma, akashindwa kujizuia.

"Umeukanda mno, wifi," akasema mbele ya wote. "Hata mtoto wa hapa anajua mkate wa magadi haukandwi."

Assumpta alimtazama bila hasira, kwa mshangao tu.

"Lakini wifi, si wewe uliyeniambia nikande mpaka mabega yaume?"

Padri akainamia chai yake. Malachy hakuinua uso. Alikata kipande kingine cha jiwe lile.

"Dada," akasema, "nisogezee siagi."

Dympna akamsogezea. Mkate wake mwenyewe ulikuwa umeshaisha, na hakuna hata chembe iliyofika kwenye sahani ya Malachy.