Sauti Zilizokuwa Ndani ya Kompyuta

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Nehemia, mtangazaji wa redio ndogo ya Bangwe, alianza kusasisha mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya studio bila kumuuliza mtu. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilionyesha kioo cheusi na mistari ya makosa, na kila aliyewahi kurekodiwa ndani yake akawa bubu.

Shadia wa mapokezi, aliyewahi kurekodi tangazo moja la sabuni, alichukua karatasi, akaandika "Karibu, kaa hapo," akaendelea kupokea wageni. Meneja Erasto akaandika kwamba fundi aitwe.

Fundi alikuwa Veneranda, naye bado alikuwa na sauti yake. Miaka sita alikuwa ameitunza kompyuta ile, wala hakuna aliyewahi kumpa maikrofoni. Aliomba mara mbili. Mwaka jana akaja Nehemia na sauti yake nene, akapewa siku hiyohiyo. Siku hizi akina mama wa Kibirizi walikuwa wakimletea Nehemia samaki aina ya migebuka mpaka mlangoni, na Veneranda, akisikia harufu ya samaki hao, chakula kilimshinda.

"Meneja," alisema, "saa nne kuna taarifa ya upepo. Wavuvi wa Ilagala wanaisubiri. Maikrofoni inafika kwenye mtambo wa kurushia matangazo bila kupitia kompyuta. Niisome mimi."

Erasto akaandika: "Wasikilizaji hawajakuzoea. Mtengenezee Nehemia."

Veneranda akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kwa hiyo, akaifungua diski iliyoharibika, akaamuru vifurushi vya programu vilivyoachwa nusu vimaliziwe. Sauti zilikuwamo humohumo, kila moja na jina lake. Ya Shadia ikarudi. Akasema "Alhamdulillahi," akamwita mgeni aliyefuata. Ya Erasto ikarudi. Neno lake la kwanza likawa, "Nehemia je?"

Ya Nehemia ilikuwa ya mwisho. Mfumo ukauliza: iwekwe au ifutwe? Jibu lilikuwa herufi moja. Nehemia alisimama nyuma ya kiti, jasho likimtoka. Veneranda akamwacha asimame. Aliiwaza sauti ile ikipotea kabisa, akaona raha, na raha hiyo haikumtoka upesi.

"Ingekuwa yangu," alimuuliza, "ungenirudishia?"

Nehemia akashika kalamu, akamwonyesha nayo saa ya ukutani.

Saa nne kasoro dakika tatu, Veneranda akawakumbuka watu wa Ilagala waliosimama kando ya mitumbwi yao. Akabonyeza. Kompyuta ikajiwasha upya. Nehemia akakohoa, akaingia studio.

"Wavuvi wetu, upepo mkali wa kusini unakuja, msitoke. Na mtuwie radhi kwa ukimya. Mfumo ulisumbua, lakini nimeushughulikia mwenyewe."

Erasto akapiga makofi mlangoni.

Veneranda alikusanya vitu vyake, akapita mapokezi.

"Dada," Shadia akamuuliza, "wewe yako imerudi saa ngapi?"

"Haikuchukuliwa."

"Wewe una bahati," alisema Shadia, akamwita mgeni mwingine.