Jina la Folda Halikuvuka

Dale Kowalczyk aliijaribu skripti yake, orodha ya amri za kufuta takataka kwenye kompyuta, kwa maringo, kama kawaida yake, lakini aliijaribu ndani ya akaunti yake mwenyewe. Huko kigeu kilichobeba jina la folda ya takataka kilikuwepo, takataka zikafutika, naye akaona kazi imekwisha.

Kwenye seva ya kituo chao cha redio cha Duluth, skripti ilianza kama mkuu wa mfumo, ikaweka jina la folda, kisha ikabadili mtumiaji na kuwa "redio". Kubadili kwa namna aliyoichagua Dale ni kuanza upya: vya mtumiaji wa kwanza havimfuati wa pili. Kigeu kikawa kitupu. Na ukiiambia kompyuta iingie kwenye folda bila kutaja ipi, inakupeleka nyumbani. Nyumbani kwa "redio" ndiko zilikokaa rekodi zote za kituo. Amri iliyofuata ilisema: futa vyote.

"Ingrid," aliita, uso umemshuka. "Hebu njoo."

Ingrid Halvorsen, fundi mwenzake, alitazama mara moja tu. "Hukumpitishia 'redio' kigeu? Wewe Dale wewe!"

"Nakala za jana zipo, dada. Tutarudisha."

"Ya baba haipo."

Mahojiano ya marehemu baba yake, kuli wa gati la madini, yaliingizwa kwenye kompyuta asubuhi hiyo hiyo, na utepe wenyewe ulikatikakatika mashineni mara tu kazi ilipoisha. Kisha Ingrid akasikia kicheko kwenye spika ya ukutani. Baba yake alikuwa hewani.

Alikimbia studio. Lorraine, mtangazaji, alishanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Usikate!"

"Kuna tahadhari ya theluji, mama!"

"Theluji Duluth ni habari? Nakuomba, Lorraine."

Faili lililofutwa halipotei mradi kuna programu bado imelishika. Dale alilikuta kwenye programu ya matangazo, akalinakili, akalifungua kuhakikisha. Halafu, bila kuambiwa, akarekebisha skripti: jina la folda likapitishwa ndani ya amri yenyewe ya kubadili mtumiaji, na kigeu kikiwa kitupu, kila kitu kisimame.

Akaja mlangoni mwa studio. "Nimelipata lote. Mnaweza kukata sasa."

"Mwache mzee amalize," Ingrid alisema, akavuta kiti.