Jumapili Tupu

Kupanga ibada kungekuwa kazi nyepesi kama si mwenyekiti wetu. Ni seremala, na nafasi ikibaki wazi mikono humwasha. Pentekoste ikishapita, Majilio bado yako mbali, mimi katibu naona Jumapili ishirini na kitu za kitambaa cha kijani madhabahuni: watu waimbe, wasikie neno, waende zao kula. Yeye anaona mapengo. Ndiyo maana tuna Siku ya Mafundi, Siku ya Wakwe, Siku ya Mapacha, na mwaka jana, nawaambieni, Siku ya Wenye Miwani. Watu waliazima miwani ili nao wasimame wapigiwe makofi.

Maana kila siku ina watu wake wa kusimamishwa.

Mama yangu hakukanyaga kanisani miezi saba, tangu tulipomzika baba. Nilidhani ni huzuni tu. Siku moja, anachambua mchele, akaniambia, "Mwanangu, nikija mtanisimamisha. Nitafutie Jumapili ambayo hasimamishwi mtu, nije nikae mahali petu."

Mahali petu ni benchi la tatu, dirishani. Nilitoka nje nikalia, kisha nikaenda kikaoni na hasira zangu.

"Naomba Jumapili ya pili ya mwezi ujao ibaki tupu," nikasema.

Mwenyekiti akashika kalamu. "Tupu kivipi?"

"Tupu. Hakuna jambo."

Akawaza kidogo. "Siku ya Jumapili Tupu," akaandika. "Tutahitaji mgeni rasmi."

"Na sare," akadakia mama wa duka la vitambaa. "Nyeupe, si ni tupu?"

Tulibishana saa nzima. Mama sikumtaja, alishaniapisha nisimfanye ajenda. Mwishowe wakanichoka, wakakubali, ila mwenyekiti akasema salamu haziguswi. "Wageni, na waliopotea siku nyingi, lazima wasimame. Huo ni utaratibu."

Tangu hapo roho yangu ikawa juu.

Siku ikafika. Mama akaja na gauni lake la bluu, akakaa benchi la tatu, mkoba akauweka pembeni yake, pale alipokuwa akikaa baba. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho mwenyekiti.

Akasimama na daftari lake. "Sasa wageni wetu, na wale tuliowakosa siku nyingi..."

Macho yake yakazunguka kanisa zima, yakafika benchi la tatu. Yakamwona mama, yakauona na mkoba. Mama, mtu wa kutii, alishaanza kushika benchi la mbele ainuke. Nikajua ndiyo basi, huyu harudi tena.

Mwenyekiti akafunga daftari.

"Leo hatuna mgeni," akasema. "Wote ni wa hapahapa. Tuimbe."

Mama akarudi kukaa. Aliimba beti zote. Ubeti wa pili akajaribu sauti ya nne, ile nzito ya baba, ikamshinda, akacheka peke yake.

Baada ya ibada mwenyekiti akanivuta kando ya mlango. "Katibu, hii tupu iwepo tena mwezi ujao."

Nikafungua kalamu. "Niiandikeje?"

"Usiiandike," akasema.