Kirusi cha Udongo wa Tanuri

Kirusi cha Ashley kilianza kukohoa kabla hakijakauka. Alikitengeneza kwa somo la bayolojia: bonge la udongo kama chungwa, likiwa limechomekwa njiti za kiberiti zenye vichwa vya udongo kuwa miiba yake. Alikiweka juu ya stuli jikoni, nyumbani kwao Kapsoya, ambako mama yake, Musimbi, alikuwa anasonga ugali. Musimbi alisikiliza kikohozi cha pili, akageuka.

"Huyo ni baba yako," akasema. "Msogeze, moshi inamsumbua."

Ashley akakipeleka dirishani. Njiti nyingine ikakohoa, kikohozi kizito cha mtu mnene. Musimbi akaacha mwiko. Huyo alikuwa Mukhwana, baba ya Vivian, msichana anayekaa dawati moja na Ashley.

Musimbi aliuliza udongo umetoka wapi. Ashley akasema kwa tanuri la matofali ambako mama yake hubeba matofali, lile rundo la chini ya nailoni, kwa sababu lilikuwa limeshakanyagwa tayari. Hapo ndipo alipokosea. Kila mfanyakazi wa pale hulipita rundo hilo bila kuligusa.

Mwaka wa korona, mwenye tanuri, Bwana Wilson, alikuwa na oda kubwa. Wanaume walipoanza kukohoa, alifunga geti kwa nje wakiwa ndani. Wakaendelea kukanyaga udongo kwa miguu huku wakiukoholea. Geti lilipofunguliwa, Wilson alimrudisha baba ya Ashley kwa jeneza, akasema ni presha. Wengine, alisema, walitoroka. Mukhwana, eti, alitoroka na mwanamke wa kule Turbo.

"Vivian asisikie," Musimbi akasema. "Kazi nayo tutatoa wapi?"

Lakini mradi ulitakiwa asubuhi, na Ashley hakuwa na udongo mwingine.

Darasani kirusi kilikohoa wakati wa kuita majina. Mwalimu Waiyego aliomba kiwekwe mbali na chaki. Vivian ndiye aliyeinama karibu.

"Kumbe ulikuwa hapa tu," akakiambia. "Na mama amekutukana miaka hii yote."

Njiti ikakohoa polepole, kama mtu anayejaribu kutosumbua.

Mamake Vivian alifika mbio, akasikiliza, akaenda polisi. Ofisa alimwambia kikohozi si ushahidi, na kama mzee amepatikana basi ashukuru. Kisha Bwana Wilson, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya shule, akaja na gari. Alisikiliza akiwa ameshika kofia. Alisema udongo ni wake na umetolewa kwake bila ruhusa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwalimu akamfungia kirusi kwa gazeti.

Wilson alikichanganya na rundo lote, akafyatua matofali, akachoma, akajengea ofisi yake. Ukuta hukohoa. Karani amezoea, humwambia mteja angoje kidogo, kisha wanaendelea na bei. Hakuna aliyeulizwa lolote kuhusu lile geti.

Hasara ni hii. Musimbi alifukuzwa kazi. Ashley alikatwa alama, kwa sababu miiba ya kirusi inafaa kufanana, na yake kila mmoja ulikuwa na sauti yake. Mamake Vivian hana mwili wa kuzika. Vivian alikuwa na baba kuanzia kengele ya asubuhi hadi chai ya saa nne.