Mahali pa Tangi

"Ardis, mwanao akinunua hiyo ndege mpya, wewe utakaa wapi?"

Jirani yangu Verna aliniuliza hivyo tukifuta mabenchi ya kanisa, nami nikacheka. Nikamwambia nitakaa palepale nilipokaa siku zote, kando ya rubani, juu ya mto wangu, maana mimi ni mfupi na bila mto sioni nje. Verna hakucheka. Alikamua kitambaa chake akahamia benchi jingine.

Marehemu mume wangu Orrin alikuwa na ndege ya viti vinne, ya polepole. Upepo ukiwa wa mbele, malori ya barabara kuu yalikuwa yanatupita. Lakini ndiyo iliyonipeleka Montana kwa dada yangu Lois, theluji ikishayeyuka na tena mahindi yakishavunwa. Orrin alipofariki, mwanetu Galen akaendelea kunipeleka. Halafu mkewe akamwacha, naye Galen akarudi kuishi nami, na tangu hapo nyumbani hasemi. Anakula, anashukuru, anapanda ghorofani. Ila angani, tukishavaa vile visikilizio vya masikioni vya kuongelea, alikuwa anaongea. Huko ndiko alikoniambia habari ya mkewe, na huko ndiko nilikomsikia akilia, macho yake yakitazama mbele.

Sasa aliiuza ndege ya baba yake. Akasema anatafuta yenye kasi, ya kuvuka milima hadi Pasifiki bila kutua kujaza petroli. Mimi sikuwa na neno. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: yoyote atakayoichagua, iwe na nafasi yangu.

Kufikia vuli zilibaki ndege mbili za kuchagua, zote zimeletwa kwenye banda la fundi Dewey, rafiki wa Orrin, ambako kila Jumamosi asubuhi marubani wa kwetu hula pankeki. Moja ilikuwa ya viti vinne. Nyingine nyembamba, ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na kifuniko cha kioo juu.

"Ya viti vinne ina kasi, sikatai," Dewey alisema akigeuza pankeki. "Lakini inakunywa kama mjomba wangu. Hii nyembamba inakunywa kama mchungaji."

"Inategemea mchungaji gani," mmoja akadakia.

"Wa kwetu hanywi," nikasema, na meza nzima ikacheka.

Galen akaniita, amesimama kando ya ile nyembamba. "Mama, hebu njoo ukae hapa nyuma kidogo."

Nilikwenda kwanza garini kuchukua mto.

"Shemeji, kanyaga bawa penye weusi tu, mahali pengine utalitoboa!" Dewey alinishika mkono nikapanda. Chini ya kila gurudumu palikuwa na mizani. Sikushangaa, Orrin naye alikuwa anaipima ndege yake kila alipobadilisha kitu. Galen akaketi mbele. Nikaiona shingo yake, ya baba yake kabisa, na juu yetu kioo chote kilikuwa mbingu.

"Usitikisike, Mama."

"Sitikisiki. Mbona naona mpaka kwa Lois!"

Galen alikuwa anamtazama Dewey, aliyeinama akizunguka kutoka mizani hadi mizani.

"Safi!" Dewey akainuka. "Mkia umetulia. Shemeji, Mungu alikuumba kwa kipimo! Uzito wako na wa tangi lililojaa ni mmoja. Tuking'oa hicho kiti tukaliweka, mwanao anafika baharini na petroli inabaki."

Nilidhani ni utani wake. Nikangoja Galen acheke.

"Mama, sikukwambia?" Galen aligeuka nusu. "Hapo ni mahali pa tangi. Nilitaka mtu wa kulishikia nafasi, tuone mizani inasemaje."

"Na ile ya viti vinne?"

"Ni nzuri. Lakini ukiwa na viti, Mama, watu wanakaa."

"Watu gani, Galen? Ni mimi tu."

Dewey akakohoa, akaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa bado lina pankeki.

Galen alinisaidia kushuka. Hapo ndipo alipouona mto.

"Umekuja na mto," akasema, kwa sauti ya chini.

Akautoa kule nyuma, akauweka kwenye kiti chake cha mbele, akaukalia. Nadhani alitaka kunifanyia jambo jema, angalau mto wangu uruke naye. Akavuta kifuniko, kioo kikamgonga utosini. Akakunja shingo, akavuta tena.

"Utaruka kama kobe!" mmoja akapiga kelele kutoka mezani, kisha akajuta.

Galen akashuka. Akaupangusa mto, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hauingii, Mama."

"Nimeona."

"Nitakupeleka Montana kwa gari. Kabla ya theluji."

Nilimtazama. Kwa gari tumekwenda naye mara nyingi, dukani, makaburini, kwa daktari. Anawasha redio ya bei za mahindi, nayo ndiyo inayosema tukienda na tukirudi.

"Mungu akutangulie huko juu," nikamwambia.

Nikaubana mto kwapani, nikapita kando ya ile ya viti vinne, nikapita meza ambapo watu walikuwa wanatazama sahani zao, nikatoka nje.